Safari ya Kolwezi: Makatoni Mawili ya Vitabu na Beseni la Maji

Habari za Kolwezi mmezisikia mara nyingi, na karibu kila mara ni habari za shaba na kobalti: bei imepanda, bei imeshuka, kampuni hii imekuja, ile imeondoka. Leo twapenda kuwaletea habari nyingine ya mji huo, nayo ni habari ya watoto na vitabu vya kuwafurahisha. Labda mtauliza: Je, mtu husafiri kilomita 300 kwa ajili ya vitabu vya hadithi? Ndivyo tulivyofanya sisi walimu wachache wa Lubumbashi, wala si mara moja. Na katika safari ya kwanza tulifanya kosa ambalo hatujalisahau hata leo. Hatuoni haya kulieleza, maana kosa hilo ndilo lililotufundisha kazi.

NJIANI

Tuliondoka Lubumbashi alfajiri kwa basi, tukiwa na makatoni mawili ya vitabu yaliyofungwa kwa kamba. Baada ya kilomita 120 hivi tulifika Likasi, mji ulioitwa Jadotville zamani za Wabelgiji. Kutoka hapo barabara yaelekea magharibi na kupita Fungurume na Tenke. Tenke ni kituo chenye historia, kwa kuwa hapo ndipo mwaka 1931 reli itokayo bandari ya Lobito, pwani ya Angola, ilipoungana na reli ya Katanga. Mbele yake twavuka mto Lualaba. Msafiri asiyejua aweza kuupita bila kugeuza shingo, kumbe maji yale ndiyo yatakayokuwa mto Kongo, mmoja wa mito mikubwa kabisa ya ulimwengu.

Njia nzima tulipishana na malori yaliyobeba shaba na kobalti, yakielekea mpakani Kasumbalesa na kutoka huko kwenda bandari za mbali. Mmoja wetu alianza kuyahesabu. Alipofika mia moja akachoka, akaacha. Ndipo mwenzake akasema kwa mzaha: "Tazameni, hayo yote yatoka, na sisi twaingia na makatoni mawili." Tulicheka sote, lakini neno lile lilitukaa moyoni hata jioni.

MJI WENYEWE

Kolwezi upo juu ya uwanda wa Manika, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai baridi yake huuma, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali, katika nywele, katika chakula na katika kurasa za vitabu. Mji ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière. Mwaka 1967 migodi hiyo ilitwaliwa na serikali, ikawekwa chini ya kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Tangu mwaka 2015 Kolwezi ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba.

Mzee mmoja aliyetupokea alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kambi. Alitusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akirudi nyumbani na gazeti la kampuni, Mwana Shaba, lililoanza kutolewa mwaka 1957. Kisha lilikuwapo pia lile la watoto, Mwana Shaba Junior, lenye hadithi za picha. "Wanangu," alisema, "hatukuambiwa na mtu tusome. Tulinyang'anyana. Aliyelipata kwanza alikimbilia nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata." Maneno hayo tuliyasikia kama hadithi nzuri ya zamani tu. Hatukutambua kwamba mzee alikuwa ametupa fundisho lote tulilolihitaji kwa siku ya pili yake.

Maana Kolwezi ya leo si ile ya kambi. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mtu mmoja aliyekuwa akichimba kiwanjani kwake aligundua jiwe la kobalti chini ya nyumba. Habari zilienea, na majirani wakaanza kuchimba nyuani, hata ndani ya vyumba vyao. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia yatoka katika nchi yetu, na sehemu kubwa yatoka katika ukanda huu. Hiyo ndiyo inayotiwa katika betri za simu na za magari. Mahali kama hapo kila kitu hupimwa kwa kilo, na mtoto naye aweza kupimwa kwa kilo za mawe awezayo kubeba.

WATOTO NA MAWE

Mwaka 2014 shirika la UNICEF lilikadiria kwamba watoto 40,000 hivi walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Wengine huchambua mawe, wengine huyaosha mitoni, wengine huyabeba kwa magunia. Sheria haikunyamaza. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, nayo yakataza kumtia katika kazi za hatari. Tena tangu Septemba 2019 serikali ilitangaza kwamba shule za msingi za umma ni za bure. Lakini sheria haitii unga katika sufuria. Mama aliyefiwa na mume hutazama watoto watano na sufuria moja tupu, na mkubwa wao aondoka na gunia.

Wapo waliojitoa kuwaokoa watoto hao. Masista wa Bon Pasteur walifika Kolwezi mwaka 2012, wakaanza kazi yao huko Kanina. Waliwafundisha watoto kusoma, wakawasaidia akina mama kupata njia nyingine ya riziki, na kuwafundisha watu haki zao. Sista Catherine Mutindi, Mkenya aliyeianzisha kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Opus mwaka 2019. Kazi yao ni kubwa kuliko yetu, wala hatujilinganishi nao. Sisi tulikuja na jambo dogo: mtoto akiisha kujifunza herufi, ni nini kitakachomfanya asome hata siku ambayo mwalimu hayupo?

KOSA LETU

Tulipewa chumba kidogo kando ya ukumbi wa parokia moja. Tulipanga vitabu kwa unadhifu, vikubwa nyuma na vidogo mbele, kama tulivyofundishwa seminarini. Kisha tukaandika sheria ubaoni: Kimya. Mikono safi. Atakayeharibu kitabu atalipa. Tulipozitazama sheria zetu tulifurahi, tukidhani tumeleta ustaarabu.

Siku ya Jumamosi wakaja watoto thelathini hivi, wengi wao katika sare za shule. Walikaa kimya. Walifungua vitabu polepole, kama watu wafunguao barua yenye habari mbaya. Saa tisa alasiri akatokea mlangoni mvulana mmoja, apata miaka kumi hivi. Alikuwa pekupeku, gunia tupu limekunjwa kwapani, na mikono yake ilikuwa myeusi hata viwikoni kwa vumbi la mawe. Mezani, karibu na mlango, palikuwa na kitabu kilichofunguliwa penye picha ya samaki mkubwa. Mvulana alikitazama kitabu kile bila kupepesa macho, akainua mguu ili aingie.

Tukamwambia, na kwa upole tulidhani: "Nenda ukanawe kwanza, mwanangu, kisha urudi."

Akaitazama mikono yake, upande huu na upande huu, kama mtu aliyeonyeshwa kitu asichokuwa akikijua. Akageuka, akaenda zake. Tulimngoja hata jua likachwa. Hakurudi.

Jioni mama aliyeshika ufunguo wa chumba, mwalimu mstaafu, alitufuata tulipokuwa tukihesabu vitabu. Akasema kwa heshima, kama ilivyo desturi ya huku: "Bamwalimu, samahani. Yule mtoto mlimtuma akanawe wapi?" Tukakosa jibu. Akaendelea: "Hapa hapana bomba. Naye tangu asubuhi amekaa majini akiosha mawe. Maji hakuyakosa. Alikosa sabuni tu."

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa tumeleta makatoni mawili kwa ajili ya watoto wa migodini, na wa kwanza aliyetoka mgodini tulimfukuza sisi wenyewe mlangoni.

WENGINE WAFANYAVYO

Tuliporudi Lubumbashi tulijiuliza maktaba ya watu wote ni kitu gani hasa. Hatukuwa wa kwanza kuuliza. Tangu mwaka 1949 shirika la UNESCO lilitoa tamko juu ya maktaba za umma, ambalo limesahihishwa mara kadhaa, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2022. Shabaha yake ni moja: maktaba ya umma ni ya kila mtu, mdogo kwa mkubwa, tajiri kwa maskini, wa lugha hii na wa lugha ile. Wale wasioweza kuifikia, maktaba yenyewe hutafuta njia ya kuwafikia.

Tazameni majirani zetu. Tanganyika ilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa huko Dar es Salaam. Kenya nako, mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupakia masanduku ya vitabu juu ya ngamia na kuwapelekea watoto wa wafugaji katika nchi kavu ya Garissa. Fikirini: watu wale hawakusema, "Watoto wahame-hame hawana desturi ya kusoma." Walitafuta ngamia. Na sisi tulishindwa kutafuta kipande cha sabuni!

TULIVYOANZA UPYA

Safari ya pili, kabla ya kufungua katoni hata moja, tulienda sokoni. Tulinunua beseni la plastiki, ndoo mbili, sabuni na taulo. Beseni tukaliweka nje kando ya mlango, juu ya kiti. Zile sheria tatu tukazifuta, na mahali pake tukaandika neno moja tu: Karibu.

Tena hatukupanga vitabu tena kwa ukubwa. Tulivitandaza juu ya mikeka, majalada yakitazama juu, mtoto aone picha na kuchagua mwenyewe. Tulikubaliana kwamba mtoto akichagua kitabu, akakichoka katika ukurasa wa tatu, ana ruhusa ya kukirudisha na kutwaa kingine bila kuulizwa sababu. Jambo hilo lilikuwa gumu kwetu, maana tumelelewa katika desturi ya kumaliza kilichoanzwa. Lakini je, sisi wakubwa tukifika sokoni hununua kitambaa cha kwanza tuonacho? Mtu hugeuza, hugusa, hurudisha. Na mtoto afanye hivyo.

Kila Jumamosi saa kumi mtu mzima mmoja husoma kwa sauti. Mwanzoni tulisoma kwa sauti ya darasani, watoto wakasinzia. Yule mama mwenye ufunguo akatunyang'anya kitabu. Akasimulia habari za Kalulu kama sungura kweli, akipinda midomo, akinong'ona, na mwisho akafunga kitabu mahali pa hatari kabisa, akasema: "Nimechoka. Anayetaka kujua, kitabu ni hiki." Watoto saba walikirukia. Ndipo tulipomkumbuka yule mzee na Mwana Shaba yake, jinsi walivyonyang'anyana.

Kisha kuna jambo la lugha. Vitabu vyetu vingi ni vya Kiswahili cha Tanzania na Kenya. Tulipata pia hadithi za mradi wa African Storybook, ambazo mtu yeyote aweza kuzichapa bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Lakini mtoto wa Kolwezi husema buku, nacho kitabu chasema kitabu. Yeye hula bukari, nacho chasema ugali. Hapo kwanza wengine walidhani kwamba wao husema vibaya, wakaona haya. Basi tukaugeuza ugumu kuwa mchezo. Tulichora ubaoni safu mbili, maneno ya nyumbani na maneno ya kitabuni, na mtoto aonaye jozi mpya huja kuiandika. Safu zimefika chini ya ubao, na sasa tumeanza ubao wa pili. Tuliwaambia pia kwamba mwaka 1965, huko Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, chama cha watu waliokuwa wakitumika katika nyumba za Wazungu kilitoa historia ya mji kwa Kiswahili chao wenyewe, iliyoandikwa na André Yav. Wataalamu wa vyuo vikuu waisoma hata leo. Mtoto mmoja akauliza: "Kwa hiyo hata sisi twaweza kuandika?" Tukampa daftari.

Si kila mtoto hukimbilia hadithi. Kwa hao tuliweka meza ya mawe na meza ya ramani. Kwenye meza ya mawe kila mmoja huleta jiwe, kisha tunatafuta pamoja katika kitabu jina lake na matumizi yake. Hapo tuliona ajabu. Watoto wa sare walishika malakiti ya kijani kwa kuwa yapendeza, lakini waliotoka mitoni walichagua jiwe jeusi, lisilo na uzuri, wakasema: "Hili ndilo lenye kobalti." Ikawa wao ndio walimu, na wale wa mstari wa mbele darasani ndio wanafunzi. Mtoto akiisha kuonwa kuwa anajua jambo, haogopi tena kujifunza la pili.

Kwenye meza ya ramani tuliwapa uzi mwekundu. Waanzia Kolwezi, waufuata Lualaba hadi ziwa la Nzilo, lililofanyizwa na bwawa la umeme. Washuka Bukama, wapita maziwa ya Upemba, Kongolo na Kindu, wafika Kisangani ambapo mto hubadili jina na kuitwa Kongo. Kisha Mbandaka, Kinshasa, na mwisho bahari ya Atlantiki. Msichana mmoja alipofika mwisho wa uzi alisema: "Basi maji tunayooshea mawe hufika baharini?" Tukasema naam, hufika. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna kitabu cha bahari. Tukampa kile chenye picha ya samaki mkubwa.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Wapendwa, huenda katika mji wenu hakuna maktaba, au ipo na imefungwa kwa kufuli lenye kutu. Msingoje jumba. Chumba kimoja, mikeka miwili na vitabu ishirini vyatosha kuanza, ikiwa mlango utafunguliwa siku ile ile na saa ile ile kila juma. Mtoto aliyekuta mlango umefungwa mara mbili haji mara ya tatu.

Mpeleke mtoto wako mwenyewe siku ya kwanza, ukae naye. Usimchagulie kitabu kikubwa ili uonekane una mtoto mwenye akili. Mwache atwae cha picha. Akimaliza, usimwulize maswali kama mtihani. Mwambie tu akusimulie mahali palipomchekesha. Kama wewe hukusoma shule, usione haya. Mwambie akusomee wakati unapomenya mihogo. Hakuna mtoto asiyefurahi kumfundisha mama yake jambo. Na nyinyi wenye kutunza vitabu, kumbukeni kwamba kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kinachobaki kipya kabatini miaka kumi ndicho kilichoharibika.

Hatudai kwamba vitabu vitaondoa njaa au kufunga mashimo. Kazi hiyo ni ya serikali, ya makampuni na ya sisi sote tutumiao simu zenye kobalti. Mtoto mwenye njaa ahitaji chakula kwanza. Lakini ahitaji pia mahali pamoja hapa duniani ambapo hapimwi kwa kilo.

Yule mvulana hatukumwona tena. Tumemwulizia mitoni na mitaani. Wengine walisema familia yake ilihamia machimbo mengine. Kila tufikapo Kolwezi twatazama mlango. Ila wapo wengine wafikao na magunia yao. Huyakunja, huyaweka chini ya kiti, huinama juu ya beseni na kunawa polepole hata viwikoni. Maji hugeuka meusi. Mama mwenye ufunguo huyamwaga, hutia mengine, naye hafanyi haraka, maana ajua kwamba watoto wengine wako njiani.